Mahali Kaseti Iliposimama

Papa,

Kaseti yako iko juu ya meza na sijaigusa tangu asubuhi. Nimekaa mbele yake kama mtu anayengojea kuitwa ofisini. Nimeamua kukuandikia ili mikono yangu ipate kazi nyingine.

Safari aliileta siku chache baada ya mazishi, katika mfuko wa plastiki, pamoja na jalada lake, viatu vyako vya kazi na koti la mvua. Unamjua msaidizi wako, hana maneno mengi. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akakataa chai. Alingoja Mama aingie jikoni ndipo akaniambia: "Aline, niliitoa kwenye radio ya gari vile ilikuwa. Sikuirudisha nyuma, sikuipeleka mbele. Fasi ilisimama, njo fasi ilikuwa inaimba wakati nilizima." Kisha akaenda zake, nami nikabaki nimeukumbatia mfuko.

Tangu siku hiyo najua kwamba ndani ya kaseti hii kuna mahali, hiyo fasi ya Safari. Utepe umesimama hapo. Nikiuchezesha hata kidogo, mahali hapo patapotea.

Acha nikueleze yaliyosemwa, maana wewe hukuyasikia. Ulikuwa unashuka kutoka Masisi na viazi na jibini. Kabla ya kufika Sake ulisogeza lori pembeni, ukavuta breki ya mkono, ukamtuma Safari akutafutie maji. Aliporudi, kichwa chako kilikuwa juu ya usukani na muziki ulikuwa unapiga kelele. Ni moyo, alisema daktari. Lakini watu waliokuja kufungua mlango wa gari hawakuuona moyo. Walisikia ngoma zile na sauti ile, na kabla mwili wako haujafika Goma habari ilikuwa imeshatangulia huku mtaani kwetu Mapendo: shofere amekufa mashetani wakimwimbia. Hakuna aliyesimulia ile breki. Mimi naifikiria kila siku. Moyo wa mtu unapasuka, naye anakumbuka kwamba gari lina mzigo, barabara ina mteremko, na huko chini kuna watu.

Kesho mchana tunaondoa matanga.

Shangazi Furaha hajarudi kwake tangu kilio kianze. Usimkasirikie. Amekulilia kuliko mtu yeyote, mpaka sauti imemkauka. Ila huzuni yake ilikuwa inatafuta mkosaji, na imempata. Jana, mbele ya wamama wa chumba cha sala, alinishika kiganja akasema: "Kesho kutwa kile kitu kinachomwa. Na mbele ya kukichoma, weye utatuambia kinasema nini. Si ulisomea Kingereza? Sasa Kingereza yako itusaidie siku moja." Wamama walicheka, kile kicheko kidogo cha matangani. Halafu akainama sikioni mwangu: "Na utasema alikufa anasikiliza nini. Safari alikwambia. Niliona midomo yake."

Mama alikuwa pale pale, anachagua mawe kwenye maharagwe. Hakuinua uso.

Nakumbuka ulivyosimamia desturi hii kwa babu. Uliinua kila kitu chake mbele ya watu, fimbo, kibuyu cha maziwa, blanketi, ukauliza: "Nani anaomba?" Anayeomba anasema sababu yake wote wakisikia, na juu ya kitu cha marehemu hakuna anayethubutu kusema uongo. Kisicho na mwombaji kinachomwa pamoja na majani tuliyolalia msibani. Kofia ya babu iliungua hivyo. Haikuwa na kosa lolote, hakuna tu aliyeiomba, na ulirudi nyumbani umenuna kwa sababu msimamizi haruhusiwi kuomba.

Mimi nitaiomba kaseti. Hilo si gumu. Gumu ni kwamba kabla ya kuomba nitaulizwa inasema nini, na Mama atakuwa amekaa mbele yangu.

Papa, ulitegemea tutaishije na zile tafsiri zako?

Likizo zote tulipanda nawe, mimi dirishani, Mama katikati na begi lake la kwaya miguuni. Mara ya kwanza alitaka kushuka. "Papa Aline, huyu mutu anachinjwa ama anaimba?" Nawe, macho barabarani, bila hata kutabasamu: "Huyu? Anahubiri. Anasema Eliya aliita moto toka mbinguni. Sikia gita, njo moto unashuka." Wimbo uliofuata ulikuwa Yona: "Iko ndani ya samaki, njo maana sauti iko mbali." Na ule mrefu wa upande wa pili, wenye ngoma mbili zinazokimbizana, ulikuwa Samsoni anavunja nguzo. Mama alimpenda Samsoni. Ngoma zilipokatika ghafla alikuwa anasema "Amina", nawe ulikuwa unamwitikia. Ulimwambia hao ni Wakristo wa Ulaya, wana nywele ndefu kwa sababu ya nadhiri.

Kiingereza chako kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Kaseti uliachiwa na mzungu wa mradi wa maziwa alipofungasha kurudi kwao, wewe ukiwa kijana, na hata yeye labda hakukuambia chochote. Mimi nilipoanza chuo, niligundua kwamba nikiwa garini hutafsiri tena. Unaongeza sauti tu, na unanitazama kwa kioo.

*

Nimekwenda kununua mawe ya radio, zile betri kubwa, nimerudi. Umeme hakuna.

Njiani niliwaza jambo ambalo sijamwambia mtu. Kalamu ya bic inaingia sawasawa kwenye tundu la kaseti. Mizunguko michache tu, kabla sijasikiliza chochote, na utepe utakuwa umesimama kwingine, na kesho nikiulizwa nitasema sijui, na itakuwa kweli. Nimeitoa kalamu. Nimeiingiza. Nimesikia meno ya plastiki yakishika. Nimekaa hivyo muda mrefu, shingo inaniuma, huku Shangazi anaimba uani kwa sauti yake iliyokauka.

Nimeichomoa. Ni mahali pako pa mwisho, Papa. Sina haki ya kupasogeza.

*

Nimesikiliza.

Ile radio yetu ya nyumbani, kitufe cha sauti hakina katikati: ama kimya, ama kelele yote. Nilipobonyeza, ngoma zililipuka chumbani kama mlango unapigwa mateke. Nikasikia sufuria zinaanguka kwa jirani. Mama Neema akapaza sauti juu ya ukuta: "Aline! Banapiga risasi wapi? Ni huku kambi ya Katindo?" Watoto wake walikuwa wameshalala chini, kifudifudi, jinsi walivyofundishwa. Nilizima, nikatoka. Ni muziki, Mama Neema. Ni muziki wa Papa. Alinitazama, jasho juu ya mdomo. "Muziki gani ya kuuwa batu na presha? Juzi gari ya askari imepita hapa pole pole, weye unawapigia ngoma?" Niliomba radhi. Mtoto wake mdogo alikataa kuinuka mpaka alipobebwa.

Basi nilifunika radio kwa blanketi lako, nikaingiza kichwa humo humo, nikaendelea kutoka pale nilipoizima.

Ni Samsoni. Ulikufa Samsoni akiimba.

Papa, siyo Samsoni.

Niliirudisha mwanzo nikaisikiliza yote, upande huu na upande ule, nikiwa chini ya blanketi, joto, harufu yako na ya dizeli. Nilikuwa naijua kaseti hii kama ninavyojua kona za njia ya Masisi, bila kuzijua majina. Nilijua mahali gita linapopanda kama lori lenye mzigo, linakohoa, linakaribia kuzimika, halafu linapata gia. Nilijua mahali utepe umeliwa na sauti inazama. Nimetafuta kwenye simu: ni ya miaka ya themanini, vijana wanne wa mji wa viwanda ambavyo vilikuwa vinafungwa. Utotoni nilidhani wana hasira. Leo, kwa masikio ya mtu mzima na maneno mkononi, nasikia watu wenye hofu ambao wamekataa kunong'ona. Eliya wako ni mji unaongojea bomu. Yona wako ni askari aliyefukiwa na udongo, anaita wenzake, wenzake wanapita juu yake. Ulikosea majina tu. Moto ulikuwepo. Giza lilikuwepo.

Lakini ule mrefu siwezi kuusaidia. Mji unaungua. Mtu amebeba mwanawe, amefika kwenye mlango wa kanisa, anagonga. Walio ndani wanaimba. Anagonga mpaka mkono unatoka damu, wao wanaongeza sauti ya wimbo. Ndipo anaapa kwamba usiku huo atalala kwa Shetani, maana kwake hakuna kufuli. Anailaani kengele, anailaani mishumaa, anawalaani waimbaji mmoja mmoja. Ngoma zinakatika. Ni pale Mama anaposema Amina.

Nifanye nini? Nikisema Samsoni, nitakuwa nimedanganya juu ya kitu cha marehemu, tena marehemu ni wewe. Nikisema kweli, Shangazi atapata alichokuwa anakitafuta, utabaki katika midomo ya Mapendo yote kama mtu aliyekufa akimwita Shetani, na Mama atajua Amina zake zote aliziweka mahali gani. Ni mwimbaji wa kwaya, Papa. Wewe ulimpeleka asimame mlangoni pale, aitikie laana juu ya waimbaji.

Mama ananiita nikachambue sombe, majani ya muhogo ya kesho. Nitakuandikia yakiisha.

*

Yameisha. Jua bado halijazama, wamama wanaosha sahani, nami nimejifungia chumbani kwenu.

Papa mukubwa Gaspard, mkubwa wako, ndiye aliyesimamia. Alivaa suti ya kahawia na jasho likamtoka toka mwanzo. Viatu vyako vilichukuliwa na mdogo wako. Saa ameipata mtoto wa Shangazi. Koti la mvua liliombwa na Safari, na tulishangaa kumsikia anaongea mbele za watu. "Tulijifunika nalo sisi wawili wakati gari inakwama. Upande mumoja wangu, upande mumoja wake. Ninaomba ule upande wangu." Papa mukubwa akasema hawezi kukata koti. Watu wakacheka, akapewa lote.

Kisha akaiinua kaseti. Picha ya jalada iliwatazama wote: yule mfalme asiye na macho, taji la mifupa, taa mkononi. Mama mmoja wa chumba cha sala alifunika uso wa mjukuu wake.

"Nani anaomba?"

Nilisimama. Shangazi alisimama kabla yangu. "Mbele ya kuomba, aseme. Aseme inaimba nini. Na aseme ilikuwa fasi gani wakati kaka yangu anakufa."

"Mutoto, unajua?" Papa mukubwa akaniuliza.

Nikasema najua. Nilishika kiti cha Mama. Nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa, wimbo ule mrefu, sentensi kwa sentensi, bila kuusafisha. Nilipofika kwa Shetani niliishiwa pumzi nikarudia, ili mtu asidhani nimemeza neno. Nikasema ni hapo. Utepe ulisimama hapo. Sikumtazama Mama. Nilikuwa nauona mkono wake tu juu ya goti, na pete.

Wengi wa wale waliokuwa wamekaa kwenye majani wamewahi kugonga milango wakikimbia vita, Papa, unajua kuliko mimi. Bibi mmoja wa Masisi alikuwa anatikisa kichwa, siyo kwa kukataa.

Shangazi ndiye aliyesema wa kwanza, na haikuwa sauti niliyoitegemea. "Kwa hiyo alikufa anagonga," alisema. "Kaka yangu alikufa anagonga mulango, na sisi tuko huku tunaimba." Akaanza kulia upya. Halafu akajifuta kwa kitenge, akakaza uso: "Lakini amesema atalala kwa Shetani. Mumesikia wote. Ichomwe."

"Alivuta freni," alisema Safari.

Watu waligeuka. Alikuwa ameshalivaa koti, jua lote lile.

"Alivuta freni ya mukono na aliweka gia. Chini pale kulikuwa soko. Mutu mwenye Shetani havute freni." Akakaa. Nadhani hatasema tena neno mpaka mwaka uishe.

Papa mukubwa aliinua kaseti mara ya pili. "Nani anaomba?"

Nilifungua mdomo, na nikahisi mkono wa Mama unanivuta chini. Alisimama yeye. Hakuwa amesimama mbele ya watu tangu tukuzike.

"Ninaomba mimi."

"Sababu?"

"Sababu bwana yangu alinidanganya." Aliinyoosha kanga yake taratibu. "Aliniambia ile wimbo ni ya Samsoni. Nilimuimbia Amina Samsoni ule toka Aline iko mutoto mudogo. Aliniambia na nywele zao ni nadhiri."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia.

"Muache kucheka. Nilikuwa ninakataa kupanda ile gari. Alikuwa na uoga ya kwenda njia ile peke yake, hakuweza kuniambia, njo akatafuta uongo ya kunikalisha karibu naye. Leo mutoto amesema kweli, na mimi ninataka nisikie yote alinificha, moja moja. Muzee, mukichoma hii kitu, nitauliza nani?"

Papa, sikujua. Nilidhani ulikuwa unaulinda muziki wako. Sikujua kwamba ulikuwa unaogopa barabara.

Papa mukubwa aliipanguza kaseti kwa kitambaa cha mfukoni, akafikiri. Mjane akiomba kwa sababu ya kweli, haiwezekani kumnyima, naye Shangazi alilijua hilo. Lakini Shangazi hakukubali kuondoka mikono mitupu. "Sura ile sitaki ilale ndani ya nyumba." Wakabishana kidogo juu ya mfalme asiye na macho, kama ana pepo au ni karatasi. Mwishowe jalada lilichanwa, likatupwa kwenye majani pamoja na mikeka, na Shangazi mwenyewe akawasha. Ilimchukua vibiriti vingi, kwa sababu ya upepo. Halafu aliniletea sahani ya chakula, akaiweka mapajani mwangu bila kunitazama, na nyama ilikuwa nyingi.

Walipoanza kuondoka, Mama aliingia hapa chumbani, akafunga mlango, akasema nianze na Eliya. Tuliweka radio chini ya blanketi, vichwa vyetu vikiwa humo ndani kama watoto. Nilimtafsiria mji unaongojea bomu. Alisikiliza mpaka mwisho, macho amefumba. Nilingoja alie.

"Ya Papa yako ilikuwa mizuri zaidi," alisema. Kisha: "Lakini hii ni ya kweli. Ngojea kidogo, nitazoea."

Yona ameomba tumwache mpaka kesho.

Nimechoka, Papa, na mkono unauma. Mahali pako kwenye utepe pamepotea tangu jana niliporudisha kaseti mwanzo, na sioni uchungu niliouogopa. Ninakuahidi jambo hili: sitamsafishia Mama hata mstari mmoja, hata ule wa mlango, na ngoma zitakapokatika sitamzuia kusema chochote atakachotaka kusema. Na tutakapoweza tena kwenda Masisi, nitapanda naye, nikae upande wa dirisha, yeye katikati.

Pumzika, shofere. Lala salama.

Binti yako,
Aline